Kura juu ya wagonjwa: kazi ya «Pamoja Tulinde Maisha» katika Beni na Butembo

Gazeti letu limezoea kuchunguza vitabu vya teolojia, vya falsafa na vya katekesi. Mara hii twaomba ruhusa ya kuchunguza maandiko ya namna ingine, ndiyo ripoti ya wanganga. Ilitoka mwisho wa mwezi wa Novemba 2019 katika gazeti la wanganga la Marekani liitwalo New England Journal of Medicine. Jina la kwanza juu yake ni la Mkongomani, munganga Sabue Mulangu, wa Institut National de Recherche Biomédicale ya Kinshasa. Wanaomfwata ni wanganga wengi wa inchi yetu na wa ngambo. Inaeleza dawa ine zilizojaribiwa juu ya wagonjwa wa Ebola katika Mangina, Beni, Butembo na Katwa.

Pengine msomaji atauliza: Hayo yamhusu nini mseminari? Jibu si gumu. Wagonjwa wale walikuwa watu wa maparokia yetu. Waliingia katika kituo cha Ebola, wakaambiwa ya kwamba dawa watakayopewa haichaguliwi na munganga wala na jamaa, bali kwa bahati, kama vile watu wanavyopiga kura. Neno hilo likitoka nje ya ua wa kituo, lilikwenda wapi? Lilikwenda kwa katekista wa mtaa, nyuma yake kwa padri. «Padri, je, ni halali kuchezea mtu namna hiyo?» Aliyejibu «Ni halali, wanganga wanajua» hakujibu neno. Aliyejibu «Ni zambi» alihukumu bila kusoma. Basi tusome kwanza, nyuma tuhukumu.

I. Mambo yenyewe

Serikali ilitangaza ugonjwa tarehe 1 Agosti 2018, kisha habari za vifo kutoka Mangina, upande wa magharibi wa mji wa Beni. Ilikuwa mara ya kumi Ebola kuonekana katika inchi yetu tangu 1976. Ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Katika muda huo watu 3,470 walihesabiwa kuwa wagonjwa, na 2,287 walikufa. Inchi yetu haikuwa imeona Ebola kubwa namna ile tangu mwanzo.

Mbele ya hapo hapakuwa na dawa iliyohakikishwa. Katika Guinea, Liberia na Sierra Leone, tangu 2014 hata 2016, watu zaidi ya 11,000 walikufa, na wanganga walijaribu dawa moja iitwayo ZMapp. Kati ya wagonjwa 36 walioipewa, 8 walikufa. Kati ya 35 waliotunzwa bila hiyo, 13 walikufa. Ilionekana kuwa nzuri, lakini ugonjwa ulikuwa unakwisha, hesabu ikawa ndogo mno, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika.

Ndiyo sababu, tarehe 20 Novemba 2018, kazi ilianza katika vituo vyetu. Dawa ziliwekwa pamoja: ZMapp, remdesivir, MAb114, na nyuma kidogo REGN-EB3. Kazi ikapewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa 681 waliingia, watu wazima na watoto, hata wanawake wenye mimba, ambao mara nyingi wanawekwa kando katika majaribio ya namna hii. Kila mmoja alipata pia matunzo ya kawaida: maji ya kutia katika mishipa, dawa ya malaria, dawa za vijidudu vingine, na kupimwa damu. Hakuna hata mmoja aliyewekwa kando bila dawa ili aangaliwe namna atakavyokufa. Neno hili tulishike vizuri, maana uvumi uliosikika sokoni ulisema kinyume.

II. Je, kura yaruhusiwa?

Mseminari akumbuke masomo yake. Mitume walipiga kura juu ya Matia, kama tunavyosoma katika sura ya kwanza ya Matendo. Mtakatifu Agostino, katika kitabu chake juu ya mafundisho ya kikristu, aleta mfano wa mtu mwenye kitu cha kusaidia, na mbele yake wahitaji wawili. Kitu hakiwezi kugawanyika, na hakuna mmoja anayemshinda mwenzake kwa shida wala kwa ujamaa. Afanye nini? Apige kura: hakuna haki ingine kubwa zaidi. Tena katika barua kwa askofu Honoratus, juu ya mapadri wakati wa hatari, asema ya kuwa wakishindana nani abaki na nani akimbie, kura iamue.

Mtakatifu Tomaso, katika Secunda Secundae, swali la 95, agawanya kura sehemu tatu. Iko sors divisoria, ya kugawanya kitu. Iko sors consultoria, ya kuuliza lililo vema kufanya. Iko sors divinatoria, ya kutafuta kujua yatakayokuja. Hii ya tatu ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa inakaribia uchawi. Ya kwanza yaweza kuwa halali, kama kweli iko haja nayo, wala hakuna udanganyifu.

Basi kura ya Beni na Butembo ni ya sehemu gani? Yaonekana kuwa ya kwanza, lakini si sawasawa kabisa. Agostino asema juu ya kitu kizuri ambacho hakitoshi watu wote. Huku vitu vilikuwa vine, na shida ilikuwa kutojua kipi ni kizuri. Kura hii ilitoka katika ujinga. Tusione haya kwa neno hilo: ujinga unaojiungama ni mwanzo wa hekima.

Mtu atasema: Kwa nini munganga asichague mwenyewe, yeye aliyesoma? Tazama. Munganga anayependa dawa fulani, pengine bila kujua, atampa yule ambaye anaonekana kuwa na nguvu bado, kwani anatumaini atapona. Aliye karibu kufa atapewa ingine. Kisha mwezi, dawa ya kwanza itasifiwa, na ya pili itatukanwa, lakini kweli haikuonekana: wenye nguvu walipona kwa nguvu zao. Tena katika inchi yetu tunajua mambo mengine: mwenye feza, mwenye ndugu katika ofisi, mwenye jina, ndio wangepewa dawa inayosemwa kuwa bora. Kura haijui feza wala kabila. Mtoto wa mkulima wa Mangina na mtoto wa mfanyabiashara mkubwa wa Butembo wako sawa mbele yake.

Kwa hiyo twaweza kusema: kura juu ya wagonjwa ni halali, kwa masharti matatu. Ujinga uwe wa kweli, si wa kujisingizia. Mgonjwa akubali kwa hiari. Na siku ujinga unapokwisha, kura ikome siku ile ile. Kwa masharti hayo tuihukumu ripoti.

III. Sharti la kwanza na la tatu: ujinga na mwisho wake

Tarehe 9 Agosti 2019 wachunguzi waliowekwa kando na kazi, ambao wajibu wao ni kutazama hesabu na kuwalinda wagonjwa, walisoma habari za wagonjwa 499. Waliona dawa mbili zinawashinda wenzake. Wakaagiza kura ya dawa ine isimamishwe. Tangu hapo wagonjwa walipewa MAb114 ao REGN-EB3 tu.

Hesabu ya mwisho ndiyo hii. Kati ya wagonjwa 169 wa ZMapp, walikufa 84. Kati ya 175 wa remdesivir, walikufa 93. Kati ya 174 wa MAb114, walikufa 61. Kati ya 155 wa REGN-EB3, walikufa 52. Dawa hii ya mwisho, kwa sababu iliingia nyuma, yalinganishwa na wale tu wa ZMapp walioingia wakati mmoja nayo: 154, na wafu 79. Kwa kifupi: kwa dawa mbili za kwanza nusu ya watu walikufa, kwa dawa mbili za pili walikufa wanaozidi kidogo theluthi moja.

Hapa moyo unauma. Mjane wa mtu aliyepewa remdesivir aweza kusema: «Kura ilimwua mume wangu. Kama ingeanguka upande wa pili, labda angalikuwa hai.» Tusimjibu kwa maneno makali ya kitabu. Labda ni kweli angalikuwa hai. Lakini tumwambie na kweli ya pili: siku ile hakuna mtu duniani aliyeijua dawa iliyo bora. Wengi waliweka matumaini katika ZMapp, ile ya Afrika ya Magharibi. Na kumbe ndiyo iliyoshindwa. Kama wanganga wangalichagua kufwatana na maoni yao ya mwezi wa Novemba 2018, huenda wangalimpa kila mtu ZMapp, na leo tungekuwa tunaendelea kuzika nusu ya wagonjwa huku tukishukuru. Ujinga ulikuwa wa kweli. Na ulipokwisha, kura ilikoma. Juu ya masharti haya mawili ripoti haina lawama, na twaisifu.

Iko hesabu ingine ndani ya ripoti ambayo yapasa kila katekista aijue kwa moyo. Wagonjwa walioingia na vijidudu vichache katika damu, wakapewa moja ya dawa mbili nzuri, walikufa kama 10 ao 11 tu katika 100. Lakini walioingia na vijidudu vingi, hata kwa dawa hizo, walikufa zaidi ya 60 katika 100. Tena kila siku moja ya kukawia nyumbani iliongeza hatari ya kufa. Maana yake ni nini? Ni kwamba dawa peke yake haitoshi: sherti mgonjwa aje mbio. Na mtu haji mbio mahali asipopaamini. Basi uaminifu wenyewe umekuwa sehemu ya dawa. Hapo ndipo tunafikia sharti la pili, na hapo ndipo lawama zetu zinaanza.

IV. Sharti la pili: kukubali kwa hiari

Baba Mtakatifu Pio wa 12, tarehe 14 Septemba 1952, aliwafundisha wanganga waliokusanyika Roma juu ya mipaka ya utafutaji wao. Faida ya elimu, alisema, ni kitu chema, lakini si sheria ya juu. Munganga hana ruhusa juu ya mgonjwa zaidi ya ile mgonjwa mwenyewe anayompa, wala mgonjwa hawezi kutoa ruhusa asiyokuwa nayo juu ya mwili wake. Tena mtu si kiungo cha jamii kama vile mkono ni kiungo cha mwili, hata jamii iweze kumkata kwa faida yake. Mafundisho haya yalitolewa miaka 5 kisha hukumu ya Nuremberg juu ya wanganga wa Hitler, na miaka 12 mbele ya wanganga wa dunia kuandika tamko lao la Helsinki. Katekismu ya Eklezya, namba 2295, inashika njia ile ile.

Katika kazi ya Pamoja Tulinde Maisha hakuna aliyeingizwa bila kukubali, yeye mwenyewe ao mzazi wake ao ndugu anayemsimamia. Kwa sheria, yatosha. Lakini padri aliyekaa katika kiti cha maungamo ajua ya kuwa «ndiyo» iko na vyeo vingi. Fikiri mtu mwenye homa kali, ametoka kwake katika gari lenye kelele. Anakutana na watu waliofunikwa toka kichwani hata miguuni, asione nyuso zao. Anaulizwa kama anakubali. Akikataa kura, atatunzwa, ndiyo. Lakini je, ajua? Je, asema «ndiyo» kwa kuwa amefahamu, ao kwa kuwa anaogopa?

Tusiwe bila haki. Wako waliofikiri juu ya woga huo. Katika Beni shirika la ALIMA lilitumia vyumba vyenye kuta za plastiki ya kuonekana ndani, ambamo jamaa wanaweza kumwona mgonjwa wao na kusema naye, na munganga anaweza kumgusa kwa mikono iliyoshonwa ukutani bila kuvaa nguo za kutisha. Tena wale waliopona, kwa sababu mwili wao umekwisha kujifunza kumshinda adui huyo, waliingia kuwabembeleza watoto ambao mama zao walikuwa wagonjwa ao wamekufa. Mama mmoja aliyepona, akimshika mtoto wa mwingine, alifundisha zaidi kuliko vipaza sauti vyote vya barabarani. Hapo neno «pamoja» lilikuwa na nyama na damu.

V. Kura mbili

Lakini nje ya kuta zile kulikuwa na inchi, na ripoti ya wanganga haina nafasi ya kuieleza inchi. Tueleze sisi.

Lugha yetu ina neno moja tu, kura, kwa mambo mawili: bahati ya kugawanya, na haki ya raia ya kuchagua wakubwa wake. Tazama sasa tarehe. Mwezi wa Novemba 2018 kura ya dawa inaanza katika Beni. Tarehe 26 Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi inatangaza ya kwamba watu wa Beni na Butembo hawatapiga kura ya inchi pamoja na wengine tarehe 30 Desemba, kwa sababu ya Ebola na ya usalama; watangoja hata mwezi wa Machi 2019. Tarehe 24 Januari 2019 Rais mpya anaapishwa. Kura yao ilikuwa ya nini tena?

Watu waliuliza swali ambalo hata mtoto angeliuliza: Soko liko wazi, shule ziko wazi, Misa inasomwa na watu wanajaa, ni sanduku la kura tu linaloambukiza? Kesho yake, tarehe 27 Desemba, wenye hasira waliharibu kituo cha kupokea wagonjwa katika Beni. Tarehe 30 wengine walipanga mistari wakapiga kura yao wenyewe, wakinawa mikono mbele. Tendo hilo la pili lilikuwa hotuba nzuri: walionyesha ya kuwa wanaweza kujilinda na kuwa raia siku moja.

Tukumbuke tena ya kwamba tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wanachinjwa usiku kwa mapanga, na magari mengi hayakuja mbio. Kisha Ebola ikaja, na magari yakajaa barabarani. Mkulima wa kule akajisemea: Nikiuawa kwa panga, mimi si kitu, nikiugua Ebola, dunia nzima yanikimbilia. Basi wanataka nini kwangu? Neno riposti, ambalo maana yake ni kazi ya kupigana na ugonjwa, likawa katika vinywa vya watu jina la biashara.

Matunda yalikuwa machungu. Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha Katwa kilichomwa moto. Siku tatu nyuma, kile cha Butembo kikashambuliwa. Vyote viwili vilikuwa vituo vya kazi hii tunayoichunguza. Tarehe 19 Aprili 2019 munganga Richard Mouzoko, Mkameruni, aliuawa kwa risasi ndani ya Cliniques Universitaires du Graben, katika Butembo. Hospitali hiyo ni ya Chuo Kikuu cha Kikatolika. Damu hiyo ilimwagika ndani ya nyumba yetu, na hakuna sababu ya uchaguzi wala ya hasira inayoweza kuisafisha. Aliyeua aliua.

Hata hivi, twasema wazi: kura ya haki ndani ya kituo ilipandwa katika shamba ambamo kura ingine ilikuwa imekataliwa. Huwezi kumnyima mtu sauti yake siku ya Jumapili, na siku ya Jumatatu umwombe atoe sauti yake ya «ndiyo» kwa moyo mweupe. Wenye kuandika ripoti hawakufanya kosa hilo, bali walirizi matokeo yake. Ripoti yao yahesabu wale 681 waliokuja. Haiwezi kuhesabu wale waliojificha, wakafia katika nyumba, mbali na dawa iliyo nzuri, kwa kuwa waliona mkono ule ule unaotoa dawa ndio uliochukua sanduku. Hao hawana mstari katika hesabu ya dawa. Lakini wana majina katika vitabu vya wafu vya maparokia yetu.

VI. Dawa imekwenda wapi?

Sasa tuchunguze jina lenyewe. Pamoja: nani na nani? Tulinde: sote tunalinda. Maisha: ya nani?

Kumbuka chanzo cha MAb114. Mwaka wa 1995, katika Kikwit, munganga Jean-Jacques Muyembe na wenzake walitia damu ya watu waliopona katika wagonjwa 8, na 7 wakapona. Wengi wa ngambo hawakusadiki. Miaka kupita, damu ya mmoja aliyepona wa Kikwit ilichunguzwa katika Marekani, na kutoka humo walipata kile kitu ambacho mwili wake ulikitengeneza kupigana na Ebola. Hicho ndicho MAb114. Kwa hiyo damu ni ya Kikwit, mawazo ya kwanza ni ya Mkongomani, na hatari ya kujaribiwa waliichukua watu wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina.

Nyuma yake? Mwezi wa Oktoba 2020 serikali ya Marekani iliruhusu REGN-EB3, kwa jina la Inmazeb, na mwezi wa Desemba MAb114, kwa jina la Ebanga. Mwezi wa Agosti 2022 Shirika la Afya la dunia, OMS, likawaagiza wanganga wote kuzitumia hizo mbili. Vema. Lakini zinashikwa na makampuni mawili ya Marekani, na shirika la Médecins Sans Frontières limelalamika ya kuwa sehemu kubwa ya dawa iliyotengenezwa iliwekwa katika gala za Marekani, kwa hofu ya hatari ya huko, na kwamba wengi wa wagonjwa wa Afrika waliougua nyuma ya kazi hii hawakuipata. Na Ebola ilirudi kwetu: upande wa Butembo Februari 2021, Beni Oktoba 2021, na Beni tena Agosti 2022.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, na kweli wenyeji wengine walipona. Lakini mgeni aliporudi kwake alikuta dawa iko katika gala lake, si katika letu. Ikiwa mtu alikubali kura kwa faida ya ndugu zake watakaougua kesho, basi ndugu zake wa kesho wana haki juu ya dawa ile. Si sadaka wanayoomba, ni deni. Ripoti ya 2019 haikuweza kusema hayo, kwani bado hayakutukia. Lakini mtu asiihukumu kazi hii kwa karatasi yake peke yake. Neno «pamoja» ni ahadi, na ahadi yahukumiwa siku ya kulipa. Juu ya «tulinde» kazi ilishinda. Juu ya «maisha» ilishinda pia. Juu ya «pamoja» bado inadaiwa.

VII. Na sisi?

Haifai mhakiki wa kikatolika ahukumu wengine na kujisahau. Ebola yenyewe ilijulikana mara ya kwanza katika hospitali ya misioni: Yambuku, 1976. Masista wa pale walikuwa watu wa mapendo makubwa, na wengine walikufa kwa ugonjwa ule. Lakini sindano zilikuwa chache, zikapita toka mtu hata mtu bila kuchemshwa vizuri, na kifo kikapita pamoja nazo. Katika Kikwit, 1995, masista sita wa Bergamo walikufa wakitunza wagonjwa, twawaheshimu. Fundisho la Yambuku libaki kwa wote: mapendo bila elimu yaweza kuua. Na fundisho la Butembo liwekwe kando yake: elimu bila uaminifu haifiki kwa mgonjwa.

Wako kati yetu, wakati wa mambo haya, waliofanya vema: amani ya Misa bila kushikana mikono, maji na sabuni mlangoni mwa kanisa, maneno ya kweli juu ya mazishi. Wako pia walionyamaza wakiogopa watu, na waliorudia uvumi kwa kuwa ulipendeza masikioni. Padri anayesema juu ya ugonjwa asiyoyajua afanya kama munganga anayetoa dawa bila kupima.

Basi mseminari, usingoje ugonjwa urudi ndipo ujifunze. Jifunze sasa kueleza mambo matatu kwa lugha ya nyumbani kwenu: kwa nini kura juu ya dawa si mchezo, ya kuwa mgonjwa ana haki ya kukataa na bado atunzwe, na ya kuwa anayekuja siku ya kwanza ana matumaini ambayo wa siku ya tano hana. Katekista, uwe wa kwanza kupeleka mgonjwa, na umsindikize hata mlangoni, ili asione kwamba ametupwa. Padri, ukiitwa kukaa katika mkutano wa wakubwa wa afya, usikubali kuwa kipaza sauti tu. Uliza kwa niaba ya watu: dawa ikionekana nzuri, itabaki wapi?

Swali hilo moja, likiulizwa mbele ya kura na si nyuma yake, lingefanya jina la Kiswahili liwe kweli tupu.